Bunduki Kuukuu za Majeshi: Ziuzwe au Ziyeyushwe?

Wanaojadiliana, wote wakazi wa Kigali: Mchumi, kijana anayefundisha chuoni; Askari Mstaafu; na Mama Mchuuzi, anayepeleka vyakula Goma kupitia mpaka wa Rubavu.

MCHUMI: Hoja yangu ni hii. Jeshi likipata bunduki mpya, zile za zamani hazigeuki takataka. Ni mali ya umma iliyonunuliwa kwa kodi, na mali hiyo imepanda bei. Mwaka 1963, nchini Marekani, bunduki ya Kiitaliano aina ya Carcano, masalia ya Vita vya Pili vya Dunia, iliagizwa kwa posta kwa dola 19 na senti 95, tena ikiwa na darubini yake. Ndiyo iliyotumika kumuua Rais Kennedy. Leo Carcano ya namna hiyo, bila darubini, huuzwa dola mia kadhaa. Hata tukikumbuka kwamba dola 20 za wakati ule ni kama 200 za leo, bei imepanda kweli. Mosin-Nagant ya Kirusi, iliyopatikana kwa chini ya dola 100 miaka ya 2000 mwanzoni, sasa huipati kwa bei hiyo hata ukiitafuta kwa tochi. Kwa nini nchi maskini itie kwenye tanuri kitu ambacho wengine wanakitolea fedha?

ASKARI MSTAAFU: Mwanangu, hiyo ni bei ya mtu anayetundika bunduki ukutani aitazame. Huku kwetu bei imekwenda upande mwingine kabisa. Kolowa, katika nchi ya Wapokot nchini Kenya, mwaka 1986 AK-47 moja ilinunuliwa kwa ng'ombe 15. Miaka 20 baadaye ilikuwa ng'ombe 4. Sasa tafakari. Bunduki ya ng'ombe 15 inawalazimu wazee wa ukoo kuketi na kuulizana kama kweli inahitajika, na nani ataibeba. Bunduki ya ng'ombe 4 kijana mmoja anaimudu peke yake baada ya wizi wa usiku mmoja. Bei iliposhuka, uamuzi wa vita ulitoka mikononi mwa wazee.

MCHUMI: Nakubali, Mzee. Lakini tuulize kwanza nini kiliishusha. Mwaka 1979 utawala wa Idi Amin ulipoanguka, Wamatheniko wa Karamoja waliingia kambi ya jeshi ya Moroto wakabeba walichokikuta. Mwaka 1991 Siad Barre alikimbia Mogadishu mwezi Januari, na Mengistu akakimbia Addis Ababa mwezi Mei. Majeshi mawili makubwa yakasambaratika ndani ya miezi michache, na askari wenye njaa wakauza bunduki njiani ili wale. Hakuna waziri aliyeitisha mnada. Phillip Killicoat wa Chuo Kikuu cha Oxford alikusanya bei za AK-47 duniani kote, na utafiti wake uliochapishwa na Benki ya Dunia mwaka 2007 ulionyesha kwamba bunduki hiyo ni rahisi zaidi Afrika, na kwamba mipaka inayovuja ni sababu kubwa. Kwa hiyo adui ni ghala lililojaa, lenye mlinzi asiyelipwa mshahara. Uza yaliyomo kwa mnunuzi halali wa mbali, na ghala halitakuwa na cha kuporwa.

ASKARI MSTAAFU: Ghala lililojaa ni hatari, hapo hatubishani. Lakini hilo neno lako, mnunuzi halali, nataka tulichunguze kwa mfano mmoja. Mwaka 1993 serikali ya Shelisheli ilikamata meli ya Kigiriki iitwayo Malo, iliyokuwa imepakia silaha za kupelekwa Somalia kinyume cha vikwazo vya Umoja wa Mataifa. Silaha zikawekwa ghalani. Nchi ndogo, jeshi dogo, bunduki nyingi kuliko mahitaji: masalia halisi, kama unavyoyapenda. Hawakuziyeyusha. Juni 1994 akaja mnunuzi pamoja na dalali wa Afrika Kusini, Willem Ehlers, na karatasi zote zikasema kwamba mzigo ni wa jeshi la Zaire. Safari mbili za ndege zikafanyika kutoka Mahé, Shelisheli, hadi Goma katikati ya mwezi ule. Mnunuzi mwenyewe alikuwa Kanali Théoneste Bagosora wa jeshi la Rwanda, mauaji ya kimbari yakiwa yanaendelea. Na Baraza la Usalama lilikuwa limekwisha kuiwekea Rwanda vikwazo vya silaha tarehe 17 Mei.

MCHUMI: Kisa hicho nakijua.

ASKARI MSTAAFU: Basi nipe bei yake, wewe ndiye mchumi.

MCHUMI: Tume ya Umoja wa Mataifa ilifuatilia fedha hizo. Katika akaunti ya Ehlers huko Lugano, Uswisi, ziliingia dola 592,784, kisha dola 734,099. Kwa jumla ni zaidi ya dola milioni 1.3. Shelisheli ililipwa 180,000, na mara ya pili 149,982 na senti 50. Hazifiki 330,000.

ASKARI MSTAAFU: Yaani mwenye mali alipata robo, na robo tatu zikabaki kwa wengine. Ndiyo hesabu ninayotaka wasomaji waione. Bei ya ghalani na bei ya vitani haziko karibu hata kidogo, na pengo lililo kati yake linatosha kununua sahihi, muhuri, rubani na ukimya wa afisa wa uwanja wa ndege. Wewe unaniletea karatasi, mimi nakuonyesha fedha iliyoishinda karatasi.

MCHUMI: Mzee, huo ulikuwa udanganyifu, na Shelisheli ilipoingiwa na shaka iliuzuia mzigo uliobaki. Tangu siku zile sheria zimekua. Azimio la Nairobi lilipitishwa Machi 2000, Itifaki ya Nairobi ikatiwa saini Aprili 2004, na RECSA, kituo cha kanda cha silaha ndogo chenye makao Nairobi, kikaanza kazi 2005. Rwanda imo. Itifaki inataka kila bunduki ya serikali ichongwe alama, na masalia yakusanywe, yatunzwe salama, yateketezwe au yaondolewe kwa njia ya uwajibikaji. Haikusema kuyeyusha tu. Waliotia saini waliacha mlango wa kuuza, na waliuacha wakiwa na kumbukumbu ya 1994. Tena tuwe wakweli: hapa kwetu wengi waliuawa kwa panga na rungu. Bei ya bunduki haikuwa ndiyo kizuizi.

ASKARI MSTAAFU: Maneno hayo yaseme polepole katika mji huu. Ni kweli, panga liliua wengi. Lakini msomi Philip Verwimp alichunguza vifo vya mkoa wa Kibuye, na kazi yake ya 2006 inaonyesha kwamba bunduki na magruneti vilitumika hasa pale watu walipokuwa wamekusanyika kwa wingi. Fikiria Bisesero, katika mkoa huohuo. Watu walijitetea kwa mawe na mikuki kwa wiki kadhaa juu ya vilima vile, na wenye mapanga walishindwa kupanda. Mashambulizi makubwa ya tarehe 13 na 14 Mei yalikuja na askari na silaha za moto. Hapo utetezi ukavunjika, na maelfu wakauawa. Bunduki iliwafungulia njia wenye mapanga. Na haikushuka kutoka mbinguni: ripoti ya Human Rights Watch ya Januari 1994, miezi mitatu kabla ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ilieleza mkataba wa silaha wa dola milioni 6 na Misri wa mwaka 1992, na magruneti yaliyouzwa sokoni hadharani pamoja na matunda.

MCHUMI: Hapo umenijibu, na sitairudia hoja ile. Lakini mkataba wa Misri ulikuwa ununuzi wa serikali kwa serikali. Tungeyeyusha masalia yote ya dunia, mkataba ule ungepita vilevile.

MAMA MCHUUZI: Naomba na mimi niseme. Mnazungumza ghala, karatasi na muuzaji. Mimi nimezoea kumtazama mnunuzi, maana bila yeye hakuna bei. Huko Karamoja serikali ya Uganda ilianza kukusanya bunduki Desemba 2001. Watu walizileta kwa hiari, karibu 10,000 katika miezi michache, na waliozileta walipewa plau za kukokotwa na ng'ombe. Nini kikafuata? Wabokora, waliokuwa wamerudisha nyingi, walivamiwa na majirani waliobaki na zao. Mifugo ikaenda. Mtu aliyeona hayo hawezi kuambiwa kwamba bunduki ni ghali. Hata ukimtajia ng'ombe 20, atakwenda kuwatafuta.

ASKARI MSTAAFU: Hapo, Mama, unasema usalama kwanza.

MAMA MCHUUZI: Nasema zaidi ya hapo. Kongo, mchungaji Daniel Ngoy Mulunda na shirika lake la PAREC waliwapa watu wa Katanga baiskeli kwa bunduki. Msumbiji, Baraza la Kikristo lilianza mwaka 1995 kutoa majembe, cherehani na baiskeli kwa wanaosalimisha silaha. Ni kazi ya heshima, nami naisifu. Lakini mtu wa soko anaona tatizo lake haraka. Zawadi ikipita bei ya magendo, mjanja atanunua bunduki mbovu kwa mlanguzi ili akachukue baiskeli. Zawadi ikiwa chini ya bei ya magendo, hakuna atakayekuja. Na bei ya magendo inabadilika kila kukicha. Ikisikika milio ya risasi Masisi, upande wa Kongo, inapanda. Kukitulia, inashuka. Kwa hiyo bei kushuka si lazima iwe habari mbaya, Mzee. Pengine watu wamechoka kuzitaka.

MCHUMI: Asante, Mama, kwa sababu hapo ndipo ninapotaka kufika. Mkiyeyusha kwa wingi huku hofu ikiwa ileile, mnaipandisha bei. Aliyeficha AK chini ya kitanda anakuwa tajiri bila jasho, na mlanguzi wa ng'ambo anaiona kanda yetu kuwa soko zuri la kuleta mpya.

ASKARI MSTAAFU: Na ipande! Turudi kwa wazee wa Kolowa. Bei kubwa ni ukuta kati ya kijana mwenye hasira na kifyatulio. Ukuta huo mwenye fedha nyingi anauruka, sikatai, lakini wengi wa wanaoua huku kwetu hawana fedha nyingi. Afrika Kusini walijiuliza swali hilihili. Bunduki za vita vya Msumbiji zilikuwa zikirudi Johannesburg mikononi mwa majambazi, hadi polisi wa nchi hizo mbili wakaanzisha msako wa pamoja, Operesheni Rachel, mwaka 1995. Mwaka 1999 serikali yao ikaamua kwamba masalia ya jeshi hayauzwi, yanaharibiwa. Katika operesheni ya 2000 na 2001 waliharibu bunduki 262,667. Nchi yenye viwanda vyake vya silaha, yenye mawakala na wateja dunia nzima, inayojua thamani ya kila kipande, iliona kwamba ni nafuu kuziharibu. Walikuwa wamejifunza bei yake mitaani kwao.

MCHUMI: Afrika Kusini ina uwezo wa kuchagua hasara. Na wale matajiri wa Ulaya, mbona wao waliuza kwa vizazi na vizazi?

ASKARI MSTAAFU: Waliuza, na waliuza kwetu. Baada ya Waprusia kushinda vita vya 1866 kwa bunduki inayojazwa kwa nyuma, kila jeshi la Ulaya lilitupa zile za kushindilia kwa mtutu. Zilikwenda wapi? Zilishuka Zanzibar kwa maelfu, zikabebwa vichwani hadi Tabora, Ujiji, Karagwe na Buganda, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Kwa Mzungu zilikuwa chuma cha kuondoa ghalani, na kwa misafara ya watumwa zilikuwa mtaji. Mwaka 1890, kwenye Mkataba wa Brussels, mataifa yaleyale yakapiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika ukanda wote huu. Wakati huo walikuwa wanakuja wenyewe kutawala, na hawakutaka kupigwa kwa mali yao. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

MAMA MCHUUZI: Na sisi Rwanda?

ASKARI MSTAAFU: Mwami Rwabugiri aliwaweka mbali wafanyabiashara wa pwani, na bunduki nchini zikawa chache sana. Alifariki 1895. Mwaka uliofuata, huko Shangi kando ya Ziwa Kivu, jeshi lililoogopwa kila upande lilishindwa na kikosi kidogo cha Jimbo Huru la Kongo chenye bunduki.

MCHUMI: Basi hapo historia inakupinga, Mzee. Waliokosa bunduki ndio waliotawaliwa.

ASKARI MSTAAFU: Buganda walikuwa nazo kwa maelfu. Hawakutawaliwa? Mirambo alikuwa nazo, na Unyamwezi ikatawaliwa. Masalia ya mwenzio hayakufanyi kuwa sawa naye, kwa sababu amekuuzia alichokwisha kukipita. Vita Kuu ilipoanza 1914, askari wa Wabelgiji Kongo walikuwa bado wanabeba Albini ya risasi mojamoja, ambayo jeshi la Ubelgiji kwao lilikuwa limeiacha tangu lilipopata Mauser ya 1889. Upande wa Wajerumani, askari wetu wengi walipewa bunduki za 1871 zenye baruti nyeusi, na moshi wake ulimwonyesha adui mahali pa kulenga. Waafrika wakauana kwa vyuma vya kutupwa kutoka Ulaya. Bei yake katika vitabu vya Berlin na Brussels ilikaribia sifuri.

MCHUMI: Nimekusikiliza kwa heshima, Mzee. Sasa nisikilize na mimi, kwa sababu una historia ya silaha kuja kwetu na mimi nina mfano wa silaha kuondoka kwetu. Ethiopia. Kwenye maghala yake kulikuwa na Carcano, Vetterli, Mauser za Ubelgiji, Lee-Enfield, rundo la zaidi ya miaka mia moja, na baadhi ni za Waitaliano wa zama za vita vya Adwa. Miaka ya karibuni kampuni ya Marekani ilizinunua, ikazisafirisha, na sasa zinauzwa kwa wakusanyaji kwa mamia ya dola kila moja. Nionyeshe mtu mmoja aliyeuawa Kivu kwa Vetterli iliyokwenda Marekani.

ASKARI MSTAAFU: Simwoni. Na kwa hizo nakubali: bunduki ambayo risasi zake hazitengenezwi tena kwa vita ni kitu cha makumbusho. Iuzwe, iende. Lakini usitumie Vetterli kuipitisha AK. Maghala ya majeshi yetu leo hayajajaa bunduki za Adwa; yamejaa AK na G3. Hizo zinafyatua mfululizo, na sheria ya Marekani ya 1968 hairuhusu raia kuagiza bunduki ya namna hiyo. Mkusanyaji wako haruhusiwi kuzinunua. Anayebaki sokoni ni nani? Ni jeshi jingine maskini, kundi la waasi, au dalali wa Lugano.

MCHUMI: Kuna njia ya kati. Nchi za Ulaya Mashariki, kama Romania na Poland, zilikata bodi za AK kwa moto wa gesi na kuuza vipande vilivyobaki Marekani. Bunduki imekufa, na fedha imeingia. AK moja ina kilo kama 4. Ukiiyeyusha, chuma chake hakilipi hata lori la kukipeleka kiwandani. Ukiikata na kuuza vipande, unapata dola za kujenga ghala salama kwa zile unazobaki nazo. Huo ndio uwajibikaji ulioandikwa katika Itifaki.

ASKARI MSTAAFU: Nani anasimama pale zinapokatwa? Nani anahesabu mbele na nyuma ya mkasi? Nimekaa jeshini miaka mingi, najua bunduki inavyoweza kuandikwa imeharibika ilhali inafyatua. Ukiniambia kwamba fedha itapatikana, nakwambia kwamba fedha hiyohiyo itazaa sababu ya kuandika masalia zaidi ya yaliyopo. Tanuri halimpi mtu asilimia.

MCHUMI: Na tanuri lisilohesabiwa? Kama tunaogopa mhasibu wa mauzo, mbona tunamwamini mhasibu wa kuyeyusha? Bunduki iliyoandikwa "imeyeyushwa" huku imebaki ni hatari kuliko iliyouzwa, kwa sababu hakuna tena atakayeitafuta.

ASKARI MSTAAFU: Hilo ni jiwe zito, nami siwezi kulipuuza.

MAMA MCHUUZI: Basi mmefika mahali pamoja bila kupenda. Mmoja anataka mnada, mwingine anataka moto, na wote wawili mnaogopa kitabu cha ghala ambacho raia hakioni. Kenya mwaka 2016 walichoma zaidi ya bunduki 5,000 hadharani, na 2021 wakachoma nyingine zaidi ya 5,000, idadi ikatangazwa. Sisemi kwamba hiyo imemaliza ujambazi. Nasema kwamba mwananchi aliiona namba. Huko ninakopeleka nyanya na vitunguu, hakuna mama anayeijua namba yoyote. Anajua tu kwamba vita vikiisha bunduki hubaki, na kwamba siku moja mtoto wa jirani ataonekana na moja.

MCHUMI: Ningekubali moto hadharani kwa AK, kama mtanikubalia mnada hadharani kwa zile za makumbusho, na risiti itangazwe.

ASKARI MSTAAFU: Na mimi ningekubali mnada huo, kama hakuna bunduki ya kufyatua mfululizo itakayotoka nzima, hata kwa serikali rafiki, hata kwa cheti kilichotiwa saini na waziri. Cheti cha Zaire kilikuwa na saini.

MCHUMI: Hata kwa serikali rafiki inayoshambuliwa? Hapo hatutakubaliana, Mzee.

ASKARI MSTAAFU: Hatutakubaliana.

MAMA MCHUUZI: Bakini na tofauti yenu, ni ya haki. Mimi namgeukia msomaji, awe Kigali, Bukavu, Kampala, Nairobi au Kigoma. Siku serikali yako itakapotangaza kwamba jeshi limepata bunduki mpya, usishangilie kabla ya kuuliza maswali matatu. Za zamani ni ngapi? Ziko wapi leo? Na nani, asiye wa jeshi, amezihesabu? Mbunge wako akishindwa kuyajibu, mwambie asipige kura ya bajeti hiyo. Ziuzwe au ziyeyushwe, lakini zisiondoke ghalani bila namba zake kuwekwa wazi.